Gitaa moja bila bendi: namna ya kuzisikiliza albamu za jazi za mpigaji mmoja

Masikio yetu sisi wa Lubumbashi yamelelewa na bendi, ambamo sehemu za gitaa, yaani solo, mi-solo, akompanyema na besi, kila moja ina mwenyewe. Ndiyo maana mwanafunzi wangu anapoisikia kwa mara ya kwanza Virtuoso, albamu ya mpiga gitaa wa jazi Mmarekani Joe Pass ya mwaka 1973, huuliza mpigaji wa pili ni nani. Hakuna wa pili. Pass hapigi kila kitu kwa wakati mmoja: huweka noti mbili za besi, huziacha, hukimbia na melodia, kisha hurudi na akordi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, kabla sikio halijatambua kwamba besi ilinyamaza.

Nyimbo za zamani za Broadway, yaani za maigizo ya muziki ya New York, zinamfaa kwa sababu akordi za nyimbo hizo hazitulii. Chukua All the Things You Are, uliotungwa na Jerome Kern mwaka 1939. Sehemu yake ya kati inaishia kwenye akordi ya mi, melodia ikiwa imeshikilia sol diezi; papo hapo noti hiyo hiyo, kwa sauti ileile, inageuka jina kuwa la bemoli juu ya akordi ya do, na wimbo unarudi nyumbani. Kwenye gitaa, uzi wa kwanza unabanwa freti (kijichuma cha shingoni) ya nne na wa pili freti ya tano, na vidole hivyo haviondoki. Uzi wa tatu unashuka kutoka freti ya nne hadi ya tatu, na besi inahama kutoka uzi wa sita ulioachwa wazi hadi uzi wa tano, freti ya tatu. Basi, ni hayo tu.

Nyimbo za pop, kwa maoni yangu, ni ngumu zaidi, ingawa wengi hudhani kinyume. Akordi ni chache, na melodia inarudiwa ili kubeba maneno. Ukiyaondoa maneno, beti tatu zinakuwa kitu kimoja kilichopigwa mara tatu. Pat Metheny, mpiga gitaa mwingine wa jazi wa Marekani, katika albamu yake What's It All About ya mwaka 2011, ambayo haina hata wimbo mmoja aliotunga mwenyewe, anatafuta jibu katika chombo chenyewe. Sehemu kubwa ameipiga kwa gitaa la baritoni, ambalo sauti yake iko chini kuliko ya gitaa la kawaida, huku nyuzi mbili za katikati zikipandishwa oktava moja (noti ileile, lakini juu zaidi), hivyo noti za akordi zinakaribiana kama za piano. The Sound of Silence ameupiga kwa Pikasso, gitaa la nyuzi 42 lililotengenezwa na Linda Manzer. Mapambo ni mengi mno kwangu, nami huurudia zaidi And I Love Her, ambao anaupiga kwa utulivu kwenye nyuzi za nailoni.

Vijana wa hapa waliojifunza mtindo wa mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco, ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, yaani Likasi ya leo, wana gumba na kidole cha shahada vilivyokwisha kuzoea kufanya kazi mbalimbali. Kinachowasumbua ni gumba lisilokubali kunyamaza. Kwa hiyo huwapa melodia peke yake kwanza, kisha besi pale tu akordi inapobadilika, na akordi nzima huziruhusu mwishoni, katika nafasi ambazo mwimbaji angevuta pumzi.