Chozi wawili, kifua chekundu wote, sasa yupi ni yupi?

Wadau, haipiti wiki sijatumiwa picha ya chozi, yule ndege mdogo anayenyonya maua, kwenye simu na swali ni lile lile, "kaka huyu si ndo chozi wa Hunter?" Mara nyingi sio, ni kifua-chekundu wa kawaida tu amepigwa picha jua likiwa nyuma yake. Mi kazi yangu ni kuongoza watu kuangalia ndege, Moshi mpaka Same, na bado hawa wawili wananitoa jasho.

Wote ni jenasi moja, Chalcomitra, urefu sentimita 15 hivi, madume meusi tii, utosi wa kijani unang'aa na kifua chekundu cha moto, mdomo umepinda vile vile. Kifua-chekundu ana jina la kisayansi senegalensis tangu 1766, na kweli utamkuta kuanzia Senegal mpaka Afrika Kusini, bustanini kwako asubuhi ndo huyo anapiga kelele juu ya waya wa umeme. Wa Hunter (Hunter alikuwa mwindaji Mwingereza, ndege akatangazwa 1889) ni wa huku mashariki tu na anapenda ukame, Mkomazi, Tsavo, Samburu, kwenye migunga huko.

Sasa vitabu vitakwambia angalia koo. Kifua-chekundu kidevu na koo ni kijani, wa Hunter koo jeusi lina mstari wa kijani kila upande kama masharubu. Ni kweli kabisa, ila kile kijani sio rangi kama ya kupaka, ni mng'ao, unyoya unavyorudisha mwanga, kwa hiyo ndege akigeuza kichwa kidogo tu au wingu likipita koo lote linakuwa jeusi alafu we unaruka ruka umepata Hunter kumbe wapi. Na ule wekundu haubadiliki hivyo, ndo maana mtu anajidanganya mwanga uko poa.

Yamenikuta. Karibu na geti la Zange pale Mkomazi, mgeni kaniuliza, nikajibu fasta "Hunter huyo" maana si tuko nyikani bana. Dakika mbili jua likatoka, koo kijani kama chupa! Mgeni alishaandika kwenye daftari kwa peni.

Siku hizi koo naliacha kwanza, natafuta zambarau. Dume wa Hunter ana baka la zambarau mgongoni pale juu ya mkia, na kingine kidogo begani. Lile la mgongoni mwenzake hana kabisa. Shida akitulia mabawa yanafunika, so inabidi usubiri ainame kwenye ua la mshubiri au aruke akupe mgongo, hapo inawaka sekunde moja tu. Ukiiona kesi imeisha. Usipoiona hujathibitisha kitu, endelea kusubiri. Kuna na vidoa vidogo vya bluu kifuani, ila mi sivitegemei, vinataka ndege awe karibu sana.

Majike sasa, hapo ndo balaa, hakuna wekundu wala mng'ao, kahawia tupu. Wa kifua-chekundu tumboni ni mweusi mweusi zaidi, wa Hunter amepauka, lakini upauke ukilinganisha na nani kama yuko mmoja tu mtini? Dume akitokea naye sawa. Asipotokea naandika "chozi jike", natia gari gia.