Nondo Tani Kumi Hazijilalii

"Hizi nondo haziendi popote, zimejilalia zenyewe." Utingo akisema hivyo baada ya kupakia, ni vigumu kumbishia, maana watu wanane wakizisukuma hazisogei hata inchi. Ila breki si watu wanane.

Dhana: Mzigo ukiwa mzito hautelezi.

Kweli, uzito ukiongezeka, msuguano kati ya mzigo na bodi unaongezeka. Lakini nguvu ya kuusimamisha mzigo huo nayo inaongezeka kwa kiasi kilekile, kwa hiyo tani zinajifuta kwenye hesabu. Kinachobaki ni ukali wa breki na namba ya msuguano, yaani sehemu ya uzito ambayo msuguano unaweza kuishika. Chuma juu ya bamba la chuma, namba hiyo ni kama 0.2. Zidisha kwa 9.8 ya mvutano wa dunia, unapata karibu 2. Maana yake lori likipunguza kasi kwa zaidi ya mita 2 kwa sekunde, kila sekunde, nondo zinaanza safari yao, ziwe mbili au tani kumi.

Sasa pima breki ya ghafla. Kilomita 80 kwa saa, gawanya kwa 3.6, ni mita 22.2 kwa sekunde. Zidisha namba hiyo kwa yenyewe, kisha gawanya kwa mara mbili ya umbali wa kusimama. Ukisimama ndani ya mita 40, jibu ni kama 6.2. Mara tatu ya kile msuguano unachoweza kushika.

Dhana: Nikienda polepole, breki haina nguvu kwa mzigo.

Breki iliyokanyagwa kwa ukali uleule inauvuta mzigo sawasawa, uwe kwenye 40 au 80. Kinachobadilika ni umbali wa kusimama: kasi mara mbili, umbali mara nne. Deni la kasi hulipwa pale umbali unapokosekana. Lori hilo la 80 likigonga kitu na kusimama ndani ya mita 1, namba inaruka hadi 247, mara 25 ya mvutano wa dunia. Hapo usitegemee mkanda wa kufungia mzigo.

Dhana: Mkanda umeandikwa tani 5, basi miwili inatosha tani 10.

Hii ndiyo inayoniudhi zaidi, kwa sababu aliyeiamini amejitahidi kufunga. Tani 5 ni mvuto ambao mkanda unaweza kuuhimili. Ukipitishwa juu ya mzigo hauzuii moja kwa moja kwenda mbele. Unagandamiza tu ili msuguano uongezeke, na mkono wa mtu kwenye kikazio unautia mvuto wa kilo 350 hivi.

Kanuni za Ulaya za kufunga mizigo, EN 12195-1, zinataka mzigo uzuiwe kwenda mbele kwa 0.8 ya uzito wake. Kwa tani 10 ni tani 8. Tuseme chini kuna mbao na msuguano ni 0.3: unapata tani 3, zimepungua 5. Mkanda mmoja unagandamiza kilo 350 kila upande, jumla 700, mara 0.3 ni kilo 210. Unahitaji mikanda 24, na hapo hujaweka akiba yoyote ya usalama. Tandika mikeka ya mpira ya kuzuia kuteleza, yenye msuguano wa 0.6, hesabu inashuka hadi mikanda 5.

Dhana: Ukuta wa mbele upo, utazuia.

Utazuia kama mzigo umeuegemea. Wengi huacha mita moja ya kuwekea tairi la akiba na madumu. Breki ikiwa 6 na msuguano ukishika 2, nondo zinalikimbilia kabini kwa tofauti ya 4, na mita hiyo moja inatosha kuzifikisha karibu kilomita 10 kwa saa. Ukuta ukijaribu kuzisimamisha ndani ya sentimita 5, utabeba mara 8 ya uzito wa nondo hizo tani 10: tani 80, juu ya bamba ambalo dereva ameliegemeza kisogo.