Kwa nini almasi yenye rangi bora inapewa D na sio A?

Siku ya kwanza kushika cheti cha almasi nikasoma "rangi: D" nikamwonea huruma mwenye jiwe. Kichwani mwangu D ni ile ya mtihani, unaificha hadi wazee walale. Nikauliza kabisa, haya, na za A zinauzwaje? Kumbe A haipo. B haipo, C haipo, D ndio kileleni.

Sababu ni ya kibiashara zaidi kuliko ya kisayansi. Zamani kila muuzaji alikuwa na gredi zake, huyu A, yule AA, mwingine AAA, wengine namba, na kwa kuwa hakuna anayependa kuita mali yake B basi kila kitu kikawa A. Taasisi ya vito ya Marekani, GIA, iliyoanzishwa 1931, ilipotengeneza skeli yake miaka ya 1950 chini ya Richard Liddicoat, ikaziruka hizo herufi zilizochafuliwa ikaanzia D mpaka Z. Kwa hiyo D sio maksi ya nne, ni mwanzo mpya tu.

Kosa langu la pili lilikuwa kubwa zaidi: nilidhani wanapima uzuri wa rangi. Hapana, wanapima rangi ilivyokosekana. D haina rangi, halafu unashuka taratibu kuelekea unjano au ukahawia hafifu. Unjano huo mara nyingi ni naitrojeni iliyojipenyeza kwenye kaboni jiwe lilipokuwa linaumbika ardhini.

Sasa utaonaje tofauti ya D na E? Kwa kulitazama jiwe lenyewe tu, huoni. Chukua shati lako jeupe, kila siku unaona ni jeupe, hadi ulitandike pembeni ya jipya lililotoka dukani ndio unagundua lako lina rangi ya chai. Ndivyo wanavyofanya maabara: kuna safu ya mawe ya kulinganishia, kila moja herufi yake inajulikana, jiwe geni linasogezwa kando ya hili, kando ya lile, mpaka lipate wenzake.

Na linalazwa kichwa chini! Hili ndilo lililonifurahisha. Almasi imekatwa ili mwanga ukiingia kwa juu ugonge kuta za chini urudi machoni kwako, na huko kumeremeta kunafunika rangi. Ni kama ziwa lenye viwimbi mchana wa jua kali, unaona vimulimuli tu, kama maji yana tope huwezi kujua mpaka utafute pembe ambayo jua halikupigi machoni. Ukiligeuza jiwe ukalitazama kwa ubavu, meremeta inapungua na unjano unajitokeza. Linapimwa bila pete pia, maana dhahabu ya njano inaliambukiza rangi yake.

Ila mwisho wa siku hili bado kwa kiasi kikubwa ni jicho la mtu, kwa hiyo jiwe la mpakani linaweza kuitwa F hapa na G kwingine bila mtu kudanganya. Na cheti chenyewe hakiandiki bei, kuthamini ni kazi nyingine, ambayo inaangalia pia usafi (kwa lenzi ya kukuza mara 10), ukataji, na karati, ambayo kwa almasi ni uzito, gramu 0.2, haihusiani na karati 24 za dhahabu. Hiyo nayo nilikosea, tuiache.

Kioja cha mwisho: unjano ukizidi hata kupita Z, jiwe halizidi kudharauliwa, linahamia kundi la almasi za rangi na bei inaweza kuanza kupanda tena. Hizo zinatazamwa uso juu, maana sasa kinachouzwa ni ileile rangi.