Nyangumi waliuawa karibu wote, mbona chakula chao hakikubaki?

Hebu piga hesabu. Kuna walaji laki na laki, kila mmoja anafakamia matani ya chakula kwa siku, halafu walaji wanatoweka, chakula si kingejaa mpaka kimwagike? Ndivyo wengi walivyofikiri kuhusu bahari ya Antaktika baada ya nyangumi kumalizwa, wakawa wanasubiri hiyo ziada. Kumbe wapi.

Chakula chenyewe ni krili, jamii ya hawa hawa uduvi tunaowajua, ila yeye anafika kama sentimita 6. Nyangumi buluu anabugia maji na krili kwa pamoja, kisha anasukuma maji yatoke kupitia zile nyuzi ngumu za mdomoni, sawasawa na kukamua nazi kwenye kifumbu, tofauti ni kwamba yeye tui analimwaga anakula chicha. Siku akila vizuri inafika tani 16, yaani fuso mbili zimejaa, mnyama mmoja!

Sasa mwaka 1904 Mnorwei anaitwa Carl Anton Larsen akafungua kituo cha nyangumi Grytviken, kisiwa cha South Georgia kule kusini karibu na Antaktika, na chusa hapo si ile ya kurusha kwa mkono tena, ni ya kufyatuliwa na mzinga na ina baruti kichwani. Kufikia 1925 zikaja meli ambazo zenyewe ni kiwanda, nyangumi anavutwa ndani kwa nyuma na kuchunwa huko huko baharini. Mafuta yakaenda kwenye sabuni, kwenye gliserini ya kutengenezea milipuko, na kwenye majarini (ndiyo, Ulaya watu walikuwa wanapaka nyangumi kwenye mkate asubuhi). Karne hiyo nusu ya kusini ya dunia peke yake ilipoteza nyangumi kama milioni 2, na buluu wa Antaktika ambao walikuwa zaidi ya 200,000 wakabaki mia kadhaa tu. Uwindaji wa biashara ulikuja kusimamishwa 1986.

Na krili? Badala ya kufurika, upande wa kusini magharibi mwa Atlantiki wakapungua sana kuanzia miaka ya 1970.

Jibu liko kwenye mavi, samahani kama unakula. Krili anaishi kwa mimea midogo isiyoonekana kwa macho, na mimea hiyo inataka madini ya chuma. Baharini kwingine chuma kinaletwa na vumbi la nchi kavu, lakini Antaktika nchi kavu yenyewe imefunikwa barafu, vumbi litoke wapi? Kwa hiyo chuma kidogo kilichopo ni cha kuzungushwa tu. Nyangumi anakula krili, mwilini anachukua mafuta na nyama, chuma kingi anakitoa, na anajisaidia akiwa juu karibu na hewa, uji mwekundu mwekundu unaoelea palepale jua linapofika. Mwaka 2010 watafiti walipima wakakuta chuma kwenye hayo mavi ni kama mara milioni 10 ya kilichomo kwenye maji ya Antaktika. Hiyo ni samadi. Ukiuza ng'ombe wote usitegemee shamba litanenepa.

Nisimtwishe nyangumi kila kitu lakini, barafu ya baharini nayo imepungua sehemu hizo na watoto wa krili wanaitegemea wakati wa baridi.

Nyangumi wale wenye nundu wamerudi vizuri, na ndio hao wanaopita Watamu na Zanzibar kuanzia kama Julai kuja kuzaa. Huku hawali karibu chochote, mama ananyonyesha kwa mafuta aliyojiwekea kule kusini kwa krili. Na akirudi siku hizi anakuta meli zimetangulia na nyavu, zinavua krili hao hao kwa ajili ya chakula cha samaki wa kufugwa na vidonge vya omega-3.