Ripoti haina mgongano, lakini bomba halipiti: dhana potofu kuhusu kuoanisha modeli za majengo

Katika miradi mingi ya leo, mbunifu majengo, mhandisi wa miundo na wahandisi wa mitambo, umeme na mabomba kila mmoja hutengeneza modeli yake ya pande tatu. Mratibu huzikusanya ndani ya programu kama Navisworks au Solibri, akazipandanisha, na kompyuta ikatafuta mahali ambapo kitu kimoja kimepita ndani ya kingine, yaani mgongano. Kabla ya hapo kazi hii ilifanywa kwa kupanga karatasi za michoro moja juu ya nyingine na kuzikodolea macho, na mengi yalipita bila kuonekana. Programu hizi zimeokoa saruji, chuma na muda mwingi. Wasiwasi wangu ni imani zilizojengeka juu yake, kwa sababu zinawafanya watu wenye ujuzi waache kuangalia pale hasa ambapo macho yao yanahitajika.

Dhana: "Ripoti haina mgongano, basi kila kitu kitaingia"

Hii ndiyo kubwa kuliko zote. Ukweli ni kwamba programu hulinganisha maumbo yaliyochorwa. Kisichochorwa, kwake hakipo, na kilichochorwa vibaya hukaguliwa vilevile kilivyo.

Chukua bomba la majitaka. Kwa kawaida maji machafu husafiri kwa mteremko, hayasukumwi na pampu. Bomba la mita 20 lenye mteremko wa 1 kwa 100 hushuka milimita 200 kutoka mwanzo hadi mwisho wake. Katika hatua za awali mchoraji mara nyingi hulichora limelala sawasawa, kwa sababu njia yake bado inabadilika kila wiki. Likikaguliwa dhidi ya mfereji wa hewa unaopita milimita 150 chini ya mwisho wake, kompyuta itasema nafasi ipo, na kwa maumbo iliyopewa imesema kweli. Siku mteremko utakapowekwa, bomba litakuwa limezama milimita 50 ndani ya mfereji. Ikiwa siku hiyo imekuja baada ya mfereji kuagizwa, ripoti safi ya mwezi uliotangulia haimsaidii mtu.

Orodha ya visivyochorwa ni ndefu. Kuna vishikizo vinavyoning'iniza mabomba kwenye slabu. Kuna tabaka la kuzuia joto linalozungushiwa bomba la maji baridi ya viyoyozi, ambalo laweza kuongeza unene wake kwa sentimita kadhaa kila upande. Mabomba membamba ya nyaya huachwa nje kwa makubaliano, kwa kuwa kuyachora yote kunachosha watu na kuifanya modeli iwe nzito. Halafu kuna nafasi tupu ambayo lazima ibaki tupu: mahali pa fundi kusimama akifungua vali, mahali pa mlango wa paneli ya umeme kufunguka, mahali pa kuvutia kichujio cha mashine ya hewa kinapobadilishwa. Programu nyingi zinaweza kukagua umbali wa chini kabisa kati ya vitu viwili, lakini lazima kwanza mtu ajue kwamba kifaa fulani kinahitaji umbali fulani, kisha aandike kanuni hiyo. Ujuzi huo uko kichwani mwa anayefunga na anayetunza mitambo, ambaye mara nyingi hajaalikwa kwenye kikao cha uoanishaji. Aalikwe.

Dhana: "Idadi ya migongano ndiyo kipimo cha ubora"

Mfereji mmoja wa hewa uliopandishwa juu kidogo kuliko inavyotakiwa, ukikata boriti 40 za chuma, hutoa mistari 40 kwenye ripoti. Tatizo ni moja na dawa yake ni moja. Upande wa pili, bomba linalotoboa ukuta unaobeba mzigo ni mstari mmoja tu, umefichwa kati ya mamia ya mabomba yanayopita kwenye kuta za kawaida kama yalivyokusudiwa. Kuhesabu mistari hakutofautishi haya mawili.

Mkataba ukidai "migongano sifuri", watu watafika sifuri. Njia mojawapo ni kupandisha kiwango cha mwingiliano kinachopuuzwa, tuseme kutoka milimita 10 hadi 50, na nusu ya ripoti inayeyuka bila kitu chochote kuhamishwa. Njia nyingine huja yenyewe, na ndiyo inayonitia hofu zaidi. Navisworks huuhesabu mgongano kuwa umetatuliwa pale unapokosekana katika ukaguzi mpya ilhali ulikuwepo katika ule uliopita. Programu inadhani muundo umerekebishwa. Lakini mgongano hukosekana pia endapo kipande kimefutwa kwa bahati mbaya, au faili ya fani moja haikupakiwa siku hiyo. Anayeona migongano imepungua ghafla aanze kwa kuuliza ni faili zipi zimo ndani ya modeli ya pamoja.

Dhana: "IFC ni kiwango cha kimataifa, kwa hiyo kila programu itaelewa kila kitu"

IFC ni mpangilio wa wazi wa faili za kubadilishana modeli za majengo, unaosimamiwa na shirika la buildingSMART na kutambuliwa kama kiwango cha ISO 16739 tangu 2013. Bila huo, ofisi zinazotumia programu za kampuni tofauti zingekwama, na mimi ni miongoni mwa wanaoutetea. Hata hivyo, kinachovuka mpaka ni umbo na taarifa zilizoambatanishwa nalo. Akili ya ndani ya kipande haivuki. Ukuta unaojua kujirefusha hadi slabu iliyo juu yake, ndani ya programu ulikozaliwa, ukifika upande wa pili unaweza kuwa bonge tu lenye jina. Kipande ambacho programu haikujua kukiweka kundi gani hutumbukizwa kwenye kundi la jumla la vitu visivyoainishwa, na kanuni iliyoandikwa kwa ajili ya mabomba au mihimili itakiruka.

Hili halitokani na uzembe wa waandaaji wa programu pekee. Toleo la IFC4 lina namna ya kutoa faili iliyokusudiwa hasa kwa kurejelea, mpokeaji aitazame na kuikagua, abaki akichora kwenye modeli yake mwenyewe. Anayeipokea faili hiyo akitaka kuihariri kama ya kwake anaidai kazi ambayo haikutengenezewa.

Pia kila kipande ndani ya IFC kina kitambulisho cha herufi 22. Maoni yanayotumwa kwa mpangilio wa BCF, yaani faili za kubadilishana maoni kuhusu modeli, hushikilia kitambulisho hicho pamoja na mahali pa kutazamia. Mchoraji akikifuta kipande na kuchora kingine palepale, kitambulisho hubadilika na maoni hubaki yakining'inia, yakielekeza kwenye kitu ambacho hakipo tena.

Dhana: "Modeli zikionekana zimepandana, viwianishi (namba za mahali) viko sawa"

Modeli mbili zinaweza kupandana kwenye skrini na bado zisiwe mahali pamoja duniani, au zipishane kwa kiasi kidogo ambacho jicho halikioni. Mpima ardhi hutumia namba kubwa, mara nyingi mamia ya maelfu ya mita kutoka asili ya gridi, yaani pale namba zinapoanzia sifuri. Kadi za michoro, zinazochora picha kwenye skrini ya kompyuta, hufanya kazi kwa kawaida na namba za biti 32, zenye tarakimu takriban saba za kuaminika. Karibu na mita 500,000, hatua ndogo kabisa kati ya namba mbili za aina hiyo ni takriban sentimita 3. Ndiyo maana modeli iliyochorwa mbali na asili huanza kutetemeka, na kingo zilizonyooka huonekana zimepinda. Dawa ni kuchora karibu na asili, na kuandika umbali na mzunguko wa kuipeleka modeli mahali pake halisi, mara moja, kwa makubaliano ya fani zote kabla ya yeyote kuchora nguzo ya kwanza.

Dhana: "Kila kitu kiko kwenye wingu, kwa hiyo sote tunaona jambo lilelile"

Kiwango cha ISO 19650, cha usimamizi wa taarifa za ujenzi, kinatenganisha hali za taarifa: kazi inayoendelea, iliyoshirikishwa, iliyochapishwa, na ile ya kumbukumbu. Mhandisi wa miundo anapofanya kazi leo yuko kwenye hali ya kwanza, na wengine wanaona alichowashirikisha mara ya mwisho. Kwa hiyo modeli ya pamoja ni picha ya tarehe fulani, tena kila fani ikiwa na tarehe yake. Ongezea kwamba faili ya Revit, programu ya kuchorea modeli, iliyohifadhiwa kwa toleo jipya haifunguki kwa toleo la zamani, na utaona kwa nini ofisi moja ikisasisha programu peke yake katikati ya mradi inawafungia wenzake mlango.

Dhana: "Programu itasema nani asogee"

Haitasema. Inaonyesha vitu viwili vimegusana na haijui kipi kina uhuru. Waratibu wengi hufuata mpangilio uliozoeleka: mabomba yanayotegemea mteremko hupata njia kwanza, hufuata mifereji mikubwa ya hewa, kisha mabomba yenye shinikizo, na nyaya mwishoni kwa kuwa ndizo zinazokubali kupinda. Lakini hata mpangilio huo hauamui kila kesi. Bomba likihitaji kupita kwenye boriti la zege, kuna chaguo la kulitoboa boriti. Tundu lililo katikati ya kimo cha boriti na mbali na nguzo linaweza kukubalika. Tundu hilohilo likisogezwa karibu na nguzo, ambapo kwa kawaida nguvu ya kukata ni kubwa, linaweza kulidhoofisha vibaya. Ndani ya modeli matundu yote mawili huufuta mgongano kwa usafi uleule, na ripoti itayapongeza sawasawa. Anayejua tofauti ni mhandisi wa miundo, baada ya kukokotoa, na jibu lake liandikwe pale mgongano ulipofungwa: nani ameridhia tundu, la ukubwa gani, na kwa hesabu ya tarehe ipi.