Nauli ya senti chache bado inaweza kuwa ghali

Imetokea tena. Mtu mwenye shahada zake anasimama kikaoni na kutuambia kwamba nauli za miji maskini ni za kutupa: ukizigeuza kuwa dola hazifiki hata moja, wakati basi la London lilifika pauni 1.75 mwaka 2023, kwa hiyo wanaolalamika wanadeka tu. Nimechoka kujibu kwa mdomo, basi najibu hapa.

Dola tuimalize haraka. Abiria halipwi kwa dola wala hakati tiketi kwa dola. Swali ni afanye kazi kwa muda gani ndipo apate nauli ya kwenda na kurudi. Anayelipwa 100 kwa siku na kuacha 20 njiani, siku moja kati ya tano anafanyia kazi gari, hata kama hiyo 20 ukiigeuza ni senti chache. Mwaka 2013 São Paulo, Brazili, walipandisha nauli kwa sentavo 20 tu, kutoka reali 3.00 hadi 3.20. Barabara zikajaa waandamanaji, hasira ikasambaa nchini, na nyongeza ikafutwa. Ukiwa na kikokotoo cha dola huwezi kuelewa kilichotokea.

Aliyesoma uchumi kidogo atasema tutumie vile viwango vya uwezo wa kununua, vinavyolinganisha bei za kapu zima la bidhaa nchi kwa nchi. Afadhali. Lakini kapu hilo ni la taifa zima, na linakuambia nauli imesimama wapi mbele ya bei za vitu vingine. Kuhusu mshahara wa anayepanda, liko kimya.

Kipimo ninachokitumia kilipendekezwa mwaka 2005 na watafiti wa Benki ya Dunia, Carruthers, Dick na Saurkar. Chukua safari 60 kwa mwezi, kila moja kilomita 10, zidisha kwa nauli, kisha gawanya kwa kipato. Unafanya mara mbili: kwa kipato cha wastani, halafu kwa kipato cha asilimia 20 ya walio chini kabisa. Wengi wanaishia kwenye wastani, ambako matajiri wachache wanatosha kuifanya nauli ionekane nyepesi. Ukishuka kwa walio chini, jibu linaweza kuvuka asilimia 100, na hapo wanaojifunza kazi hii ya kupima nauli hurudi kukagua hesabu wakidhani wamekosea. Hawajakosea. Jibu linasema safari hizo hazifanyiki.

Na hapa ndipo ninapopandwa na hasira. Kila baada ya muda hutoka ripoti yenye sentensi hii: "Kaya maskini hutumia sehemu ndogo ya kipato kwa usafiri, hivyo nauli zinamudika." Jamani! Wanatumia kidogo kwa sababu wanatembea. Anayekwenda kazini kwa miguu saa moja na nusu na kurudi vivyo hivyo, kwenye jedwali la matumizi ana sifuri. Pandisha nauli kesho, wengine washuke garini waingie njia ya miguu, na matumizi ya kaya zao yatapungua. Kwa mantiki ya ripoti, hali yao imeboreka! Ni sawa na kumpongeza mwenye njaa kwa kubana matumizi ya chakula.

Angalia madodoso yanavyochangia. Mengi yana kisanduku kimoja cha "hakulipa nauli". Anatiwa humo mwenye ofisi ng'ambo ya barabara, na anatiwa humo aliyeamka kabla ya alfajiri kwa sababu hana hela ya gari. Alama moja, maisha mawili. Kuna pia anayepanda asubuhi ili asichelewe, jioni akarudi kwa miguu, na kaya ambayo mmoja anapanda na wengine hawatoki mtaani. Ndiyo maana nalazimisha swali moja liingie kwenye dodoso: wiki iliyopita ni safari ipi uliiacha kwa sababu ya nauli? Majibu yake ni ya kliniki, ya usaili wa kazi, ya mazishi. Hayaingii vizuri kwenye jedwali, na waandaaji hulikata swali kila wanapopata upenyo.

Jambo jingine: nauli ya gari moja si gharama ya safari. Nauli ya basi la London inakuruhusu kubadili mabasi ndani ya saa moja bila kulipa tena. Mahali ambapo kila gari linakusanya lake, wa pembezoni hulipa mara mbili au tatu, na wa pembezoni mara nyingi ndiye maskini, maana kodi ya nyumba ndiyo iliyompeleka huko. Tiketi ya mwezi nayo, kama ile ya Ujerumani iliyoanza Mei 2023 kwa euro 49, inamfaa mwenye mshahara. Anayelipwa jioni kwa jioni ataitoa wapi kwa mkupuo?

Sasa mashaka yangu: kikomo cha nauli inayomudika kiwe wapi? Sera ya usafiri ya Afrika Kusini ya mwaka 1996 ilitaka abiria asitumie zaidi ya takriban asilimia 10 ya kipato chake. Sheria ya Brazili ya mwaka 1985 inamkata mfanyakazi hadi asilimia 6 ya mshahara wa msingi, kinachozidi anabeba mwajiri, ila anayenufaika ni mwenye ajira rasmi. Sita au kumi? Nadhani kumi imependwa kwa sababu ni namba ya mviringo. Mwenye nazo akitoa asilimia 20 hatalala njaa. Wa chini kabisa akitoa 6 huenda ameruka mlo. Naitumia kumi kwa sababu wakubwa wanaielewa. Na kipato chenyewe, kwa asiye na mshahara, ni makisio aliyoyatoa akiwa na haraka ya kurudi kwenye shughuli zake.

Wala sisemi nauli ishushwe tu. Ikishushwa bila ruzuku, magari yanachakaa na yanapungua, na wa pembezoni ndiye wa kwanza kuyakosa. Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, walianza mwaka 2014 kuwapa punguzo la nauli waliotambuliwa kuwa maskini kwenye sajili ya serikali. Napenda wazo hilo mpaka nikumbuke wasiosajiliwa. Napenda nauli ya chini kwa wote mpaka nione bili yake. Wenzangu wengi wameshachagua upande. Mimi bado.