Ramani "ya kuchorwachorwa na watu": dhana potofu na ukweli

"Mwanangu, mimi nataka ramani ya ukweli, si hiyo ya kuchorwachorwa na watu." Maneno hayo aliniambia mama mmoja mwenye duka la mbegu na dawa za mifugo mjini Ahero, nilipokuwa nikimalizia tovuti ya duka lake. Kabla ya mwezi kuisha nikawa nimeyasikia tena, kwa namna nyingine, kutoka kwa mwenye nyumba za wageni kule Dunga na kutoka kwa katibu wa chama kimoja cha akiba na mikopo hapa Kisumu. Ramani waliyoikataa ni OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, na waliyoitaka ni Google Maps. Kazi yangu ni kutengeneza tovuti za biashara ndogo kati ya Kisumu na Nakuru na kuziwekea ramani. Katika dhana zote ninazokutana nazo, hii ndiyo inayonichosha zaidi, kwa sababu inawafanya watu wanaopajua mahali pao vizuri kuliko mtu mwingine yeyote waamini kwamba ujuzi wao hauna thamani mpaka kampuni ya ng'ambo iupigie muhuri.

Tuanze na ramani ya kampuni yenyewe. Wengi hudhani kwamba nyuma ya Google Maps, iliyoanza mwaka 2005, kuna wapima ardhi waliopita kila kichochoro cha Kondele na Nyalenda wakiwa na vifaa vyao. Ukweli ni kwamba mwaka 2008 kampuni hiyo ilifungua huduma ya Map Maker ili watu wa kawaida, katika nchi ambazo hazikuwa na data tayari, wachore barabara na kuandika majina ya mahali bila malipo. Huduma hiyo ilifungwa mwaka 2017, lakini mpaka leo ramani hiyo hupokea kutoka kwa watumiaji marekebisho ya majina, saa za kazi na mahali pa maduka. Kwa hiyo mkono wa raia umo katika ramani zote mbili, ila katika OpenStreetMap mkono huo unaonekana: kila barabara, kila nyumba na kila kisima kina historia yake, yaani toleo la ngapi, akaunti gani iliyobadilisha, siku gani, na kilichobadilishwa ni nini.

Mama wa Ahero hakushawishika kwa maelezo, nami sikumlaumu. Nikaweka kompyuta yangu juu ya kaunta yake, kati ya mizani na katoni za dawa ya kupe, nikamwonyesha ramani ya kampuni ambayo alikuwa akiitegemea. Duka lake lilikuwa limewekwa ng'ambo ya barabara kuu, kando ya kituo cha mafuta, tena kwa jina la mpangaji aliyehama zamani. Alikuwa ametuma marekebisho mara mbili na hakupata jibu. Kisha nikafungua OpenStreetMap. Barabara ilikuwepo, soko lilikuwepo, na paa la jengo lake lilikuwa limechorwa pembe zake zote nne, lakini halikuwa na jina. Tukaligusa paa hilo, tukachagua aina ya duka, tukaandika jina kama lilivyo kwenye kibao cha mlangoni, tukaongeza saa za kufungua na kufunga, tukahifadhi. Hakuwa amemaliza kumhudumia mteja wa pili jina lilipotokea kwenye ramani. Nilipofungua historia ya jengo hilo, toleo la kwanza lilionyesha mtu aliyechora paa kwa kufuata picha ya setilaiti, na toleo la pili lilikuwa letu, likiwa na tarehe na saa ya asubuhi ile.

"Na mtu akija akaandika uongo juu ya duka langu?" akaniuliza. Hilo ni swali la haki. Uongo unaweza kuandikwa, lakini unaandikwa mbele ya macho ya watu: wapo wachangiaji wanaofuatilia kila badiliko katika eneo lao, zipo programu zinazokagua makosa ya uchoraji kama vile barabara isiyounganishwa na nyingine, toleo lililoharibiwa hurudishwa lilivyokuwa, na akaunti inayoharibu kwa makusudi huweza kufungiwa. Kosa linalodumu ni lile la mahali ambapo hakuna mwenyeji anayeangalia. Nakubali kwamba ramani hii ina mapengo. Ziko sehemu za mashambani ambako utaona barabara kuu na mto tu, kana kwamba hapaishi watu, na dawa ya pengo hilo ni mwenyeji mmoja mwenye simu na nusu saa ya nafasi.

Anayetaka ushahidi asiende mbali. Kibera ilikuwa karibu eneo tupu kwenye ramani za umma mpaka mwaka 2009, wakati vijana wa hapo hapo, katika mradi wa Map Kibera, walipotembea vijiani na vipokezi vya GPS wakiandika zahanati, shule, vyoo na vituo vya maji, na data yote wakaiweka kwenye OpenStreetMap. Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko lilipoiangusha Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti, wachangiaji kutoka pande nyingi za dunia waliichora upya mitaa ya mji huo kwa kufuata picha za setilaiti, na ndani ya siku chache waokoaji wakawa wanaitumia ramani hiyo. Mradi wenyewe wa OpenStreetMap ulianzishwa na Steve Coast nchini Uingereza mwaka 2004, kwa sababu data ya ramani ya nchi yake haikuwa huru kwa raia kuitumia. Hata hao wakubwa ambao wateja wangu huwaamini wanakula chungu kimoja nasi: mwezi Desemba 2022 Amazon, Meta, Microsoft na TomTom waliunda Overture Maps Foundation, taasisi ya data huria ya ramani, ambayo sehemu ya data yake hutoka OpenStreetMap.

Ushauri wangu, ambao nimeurudia mpaka wengine wamenichoka, ni huu: kabla hujasema ramani fulani ni ya kweli au ya uongo, toka nje ya duka lako, tembea mita 200 kila upande ukiwa na ramani zote mbili kwenye simu, uhesabu milango. Andikisha biashara yako kwenye ramani ya kampuni pia, maana wateja wako wamo humo. Lakini usiupime ukweli kwa utajiri wa mwenye ramani.

Dhana ya pili kwa kunisumbua hunifikia kwa simu, mara nyingi usiku: "Ramani yako imeharibika, haifunguki." Mara nyingi ramani ni nzima, na tatizo liko kwenye kivinjari. Ramani ya tovuti si picha moja iliyobandikwa. Ni programu iliyoandikwa kwa JavaScript, lugha ya kompyuta ambayo vivinjari huielewa, inayofanya kazi ndani ya kivinjari chako, ikiomba kutoka kwa seva vipande vya picha, ambavyo sisi wa kazi hii huviita vigae, kila unapoisogeza. Opera Mini katika hali yake ya kubana data kabisa huufungulia ukurasa kwenye seva zake yenyewe, kisha hukuletea matokeo yaliyokwisha kukandamizwa, na JavaScript hupewa nafasi finyu mno. Kwa hiyo utaona ramani imeganda au sanduku la kijivu. Simwambii mtu aiache Opera Mini, maana najua bei ya bando. Namwambia aifungue ramani kwa Chrome au Firefox, kisha arudi alikozoea.

Kuna na kompyuta za saiba. Chrome iliacha kutolea Windows 7 matoleo mapya mwaka 2023, la mwisho likiwa la 109, na Internet Explorer 11 ilistaafishwa na Microsoft yenyewe Juni 2022, mwaka ambao Google Maps nayo iliacha kuihudumia. Hata hivyo, kabla ya kulaumu umri wa mashine, tazama saa yake. Katika saiba moja karibu na soko la Kibuye mhudumu alikuwa akiwaambia wateja kwamba OpenStreetMap haifunguki nchini Kenya. Nilipoketi mbele ya kompyuta hiyo nikaona pembeni mwa skrini kwamba ilikuwa bado inaishi mwaka 2009, kwa kuwa betri ndogo ya saa iliyo ndani yake ilikuwa imekufa. Cheti cha usalama cha kila tovuti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kivinjari kilichodhani ni mwaka 2009 kiliviona vyeti vyote kuwa havijaanza kutumika, kikavikataa. Tukarekebisha tarehe, ramani ikafunguka.

Watengenezaji wenzangu nao wana sehemu ya lawama. Ramani nyingi mpya huchorwa kwa mistari inayopakwa rangi ndani ya simu yenyewe kwa kutumia WebGL, njia ya kivinjari kutumia nguvu ya michoro ya simu, kama ifanyavyo programu ya ramani iitwayo MapLibre, nazo hupendeza na huzunguka vizuri kwenye simu yenye nguvu, lakini kwenye simu ya zamani zinaweza kukwama au kuonyesha skrini tupu. Kwa duka linalotaka kuonyesha mlango wake tu, natumia Leaflet, maktaba (yaani mkusanyo wa programu zilizo tayari) ya kuweka ramani kwenye tovuti, pamoja na vigae vya picha. Maktaba hiyo, iliyotolewa na Volodymyr Agafonkin mwaka 2011, ina uzito wa takriban kilobaiti 42 tu ikikandamizwa, na matoleo yake ya 1 hufanya kazi hata kwenye vivinjari ambavyo wengi wamekwisha kuvisahau. Anayeuza mbegu Ahero hahitaji majengo yanayosimama kwa pande tatu.

Wapo wanaodhani neno "huria" maana yake hakuna masharti. Data ya OpenStreetMap, ambayo tangu mwaka 2012 iko chini ya leseni ya ODbL (Open Database License), unaweza kuitumia hata kwa biashara, ila lazima utaje kwamba imetoka kwa wachangiaji wa OpenStreetMap. Maandishi yale madogo pembeni mwa ramani si pambo la kufutwa. Seva za OpenStreetMap zinazotoa vigae ni jambo tofauti, kwani zinaendeshwa kwa michango, na ni marufuku kupakua vigae vyake kwa wingi. Kigae kimoja huonyesha dunia nzima katika ngazi ya sifuri, lakini kila ukikaribia ngazi moja idadi huzidishwa mara nne, na katika ngazi ya 18 vigae vya dunia ni zaidi ya bilioni 68. Programu inayojaribu kuikomba Kenya nzima itafungiwa, na itakuwa imestahili. Na tafadhali usinakili majina kutoka ramani ya kampuni ukayaweka kwenye hii huria. Andika kile ulichokiona mwenyewe au kinachoonekana kwenye picha za setilaiti zilizoruhusiwa. Kwa upande wa pili, wanaosema ramani ya Google kwenye tovuti ni bure daima wakumbuke kwamba tangu Julai 2018 mwenye tovuti anayetumia programu yao ya JavaScript huhitaji ufunguo (msimbo wa kuitambulisha tovuti yake) na akaunti ya malipo. Ndiyo sababu bado unakutana na tovuti zenye ramani iliyotiwa giza na maandishi kwamba ni ya majaribio tu.

Picha ya setilaiti si ya moja kwa moja: huenda ni ya miezi kadhaa au miaka iliyopita, kwa hiyo usinipigie simu kwamba gari lako halionekani uani. Bila bando ramani bado ipo, kwa kuwa programu za simu za Organic Maps na OsmAnd hukuruhusu kuipakua Kenya mara moja kwenye Wi-Fi na kutafuta njia bila mtandao. Kompyuta isiyo na GPS ikikuonyesha uko Nairobi nawe umeketi Milimani, Kisumu, inaweza kuwa inakisia kwa anwani yako ya intaneti tu. Na kama tovuti haina HTTPS, yaani muunganisho uliolindwa kwa cheti cha usalama, Chrome haitaipa mahali ulipo hata kidogo, na imekuwa hivyo tangu mwaka 2016.

La mwisho ni la namba. Watu hunitumia mahali pao kwa ujumbe wakidhani kwamba namba mbili zikiwapo ramani itaelewa. Kisumu iko karibu na latitudo -0.09 na longitudo 34.77. Ukizigeuza, biashara yako inahamia magharibi mwa Algeria. Ukigeuza za Nakuru, inaishia ndani ya bahari ya Mediterania. Tena wataalamu wenyewe hatujapatana, maana Leaflet hutaka latitudo kwanza na faili za GeoJSON, aina ya faili za kuhifadhia data ya ramani, hutaka longitudo kwanza. Lakini kosa baya zaidi kwetu ni kuidondosha ile alama ya kutoa, kwa sababu halionekani upesi: Kisumu bila alama hiyo inaangukia Vihiga, jirani na Mbale, umbali wa kilomita kama 20 hivi kaskazini, na bodaboda atakwenda huko kwa nia njema kabisa. Aliye Kisumu, Ahero, Kericho au Nakuru aandike alama ya kutoa kwenye latitudo yake. Aliye Kakamega, Bungoma au Eldoret asiiandike. Na wa Maseno, ambako ikweta inapita katikati yao, asimame mlangoni pake na asome simu upya kabla ya kunitumia.